Mataa na Theluji

Taa ya barabarani ni kama mwalimu wa zamu. Haimjui mtu kwa jina, haipokei udhuru, na kila anayefika mbele yake hupewa amri ile ile aliyopewa mwenziwe. Mimi niliyemeza vumbi la chaki kwa miaka 38, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1971 mpaka nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu mwaka 2009, siwezi kuuchukia utaratibu wa namna hiyo. Mbele ya taa nyekundu mwenye gari la fahari husimama, na mwenye gari linalosukumwa ndipo liwake naye husimama. Hapana upendeleo.

Lakini usawa wa amri ni nusu tu ya haki. Nusu ya pili ni kuuliza kama amri yenyewe inatekelezeka leo, katika hali ya hewa ya leo, kwa mtu huyu aliyesimama hapa. Fikra hii nilikuwa nayo tangu zamani kwa sababu ya mto mmoja, nami nitausimulia mto huo mbele kidogo. Theluji ndiyo iliyonipa nafasi ya kuipima fikra hiyo kwa hesabu.

Mwishoni mwa mwaka 2018 binti yetu, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Minnesota, Marekani, alituomba mimi na mama yake tukakae naye wakati wa majira ya baridi. Anaishi katika mji mdogo ulioshikana na Minneapolis, kwenye jengo la ghorofa lililo kando ya barabara pana. Kabla ya hapo theluji nilikuwa nikiiona kwa mbali tu, juu ya Kibo, basi linapopita Moshi. Ndugu msomaji, theluji ya Kibo ni pambo. Theluji ya Minnesota ni mgeni asiyebisha hodi. Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto pale Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na shule zikafungwa. Mwezi uliofuata ikaanguka theluji ya kina cha karibu mita moja, nyingi kuliko ya Februari yoyote iliyowahi kupimwa mahali pale.

Mzee asiye na shamba wala shule hukaa dirishani. Chini ya dirisha letu palikuwa na njia panda yenye mataa, nami nikaigeuza kuwa darasa langu.

Nianze na gari. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Kwenye lami kavu, dereva akikanyaga breki kwa nguvu, matairi huishika barabara na gari husimama baada ya mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari mengine, gari lile lile lenye breki zile zile huhitaji kama mita 40. Kwenye barafu tupu huhitaji karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Na hapo sijaongeza mita 14 nyingine zinazopita katika ile sekunde moja ambayo dereva anashtuka na kuhamisha mguu. Breki hazikuharibika, na dereva hakuwa mjinga zaidi ya jana. Kilichopungua ni msuguano kati ya tairi na barabara.

Barafu nayo hupenda sana njia panda. Magari yanaposimama kungoja, mvuke unaotoka katika mabomba ya moshi hutua juu ya lami na kuganda, ukafanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Lami huonekana nyeusi kama kawaida, kumbe imepakwa kioo. Watu wa kule humwaga chumvi ili kuiyeyusha, lakini joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri chumvi ya kawaida huanza kushindwa kazi. Kwa hiyo mahali penye amri ya kusimama ndipo penye utelezi mkubwa kuliko pote.

Sasa tuitazame taa yenyewe. Taa ya njano haikuwekwa ili dereva akimbilie, ingawa ukikaa kwenye mataa ya Dar es Salaam au ya Minneapolis waweza kudhani hivyo. Iliwekwa kwa hesabu. Wahandisi humpa dereva sekunde moja ya kutambua, halafu humpa muda wa kupunguza mwendo kwa breki ya kiasi, isiyomtupa abiria mbele. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara tambarare jibu ni sekunde 3 na robo hivi. Miongozo ya Marekani hutaka taa ya njano isipungue sekunde 3 wala isizidi 6. Hesabu ni nzuri, nami ningeipa alama zote, ila ina sharti moja lililofichika ndani yake: kwamba tairi linashika barabara. Siku ya barafu sharti hilo halipo. Dereva huona njano akiwa mahali ambapo hawezi kusimama, na pia hawezi kupita kabla ya nyekundu. Yeye si mkaidi, na bado atavunja sheria.

Katika jengo lile aliishi mzee mwenzangu, mzaliwa wa Minnesota, ambaye kabla ya kustaafu alifanya kazi ya kupanga muda wa mataa. Aliponiona kila siku dirishani na kijidaftari, akaniuliza ninaandika nini. Nikamwambia nahesabu magari yanayopita kwa kijani kimoja. Alicheka sana, akasema hiyo ndiyo kazi iliyomlisha miaka yote. Tangu siku hiyo akawa ananiita "Mwalimu", na siku yenye nafuu tukateremka pamoja akanionyesha sanduku la chuma la rangi ya kijivu lililosimama kwenye kona ya njia panda. Humo ndani, akasema, mna mipango kadhaa: ya asubuhi, ya mchana, ya jioni na ya usiku. Kila mpango huamua kila upande upewe sekunde ngapi, na taa hii ifunguke sekunde ngapi baada ya ile iliyotangulia.

Akanieleza kwamba theluji huyaharibia mataa mambo matatu, nami nayaandika kama nilivyoyapokea.

La kwanza ni kuondoka. Taa ikiwa kijani, gari la mbele haliruki papo hapo. Kuna muda unaopotea dereva akiachia breki na tairi likitafuta mahali pa kushika. Mwaka 1999 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika barabara moja yenye mataa kwenye eneo la Minneapolis na St. Paul. Siku njema muda ule uliopotea ulikuwa sekunde 2, na siku ya dhoruba ukawa 3. Magari yanayoweza kupita kwa saa moja ya kijani katika njia moja yalipungua kutoka 1,800 hadi 1,600. Mwendo wa wastani ulianguka kutoka maili 44 kwa saa hadi 26, ambazo ni kama kilomita 71 na 42. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2001 huko Salt Lake City, katika jimbo la Utah, ulionyesha mambo yanayofanana na hayo: mwendo ulipungua kwa asilimia 30, na magari yanayopita kwa asilimia 20.

La pili ni mpangilio wa taa moja na nyingine. Katika barabara kubwa mataa hupangwa ili gari likiondoka hapa na kijani, likute kijani na pale mbele. Hapa nilimwomba mzee yule kalamu. Tuchukue mataa mawili yaliyoachana mita 800. Kwa mwendo wa kilomita 71 kwa saa gari hufika baada ya sekunde 41. Kwa mwendo wa kilomita 42 hufika baada ya sekunde 69. Basi siku ya theluji taa ya pili hufungua mlango kwa wakati ule ule wa siku zote, na kwa sekunde 28 hungoja wageni ambao bado wako njiani. Wanapofika, mlango unafungwa. Kundi zima hukanyaga breki juu ya barafu, wakati lingeweza kupita bila kukanyaga. Kosa hapa si la dereva wala la dhoruba. Ni la saa iliyopimwa wakati wa kiangazi.

La tatu ni kile kipindi kifupi ambacho pande zote huwa nyekundu, ili aliyechelewa katikati amalize kupita kabla ya wengine kuingia. Siku za kawaida huwa sekunde moja au mbili. Watu wengi hawajui kama kipo, maana hakuna anayeweza kuzitazama taa za pande zote kwa mara moja. Mwaka 1923 Garrett Morgan, Mmarekani mweusi wa mji wa Cleveland ambaye mzazi wake alipata kuwa mtumwa, alipewa hataza ya chombo cha kuongozea magari ambacho, zaidi ya kusema nenda na simama, kiliweza kuwasimamisha watu wa pande zote kabla ya kuwaruhusu wa upande mwingine. Chombo chake kilizungushwa kwa mkono, na taa za umeme zilikwisha kuwako, lakini lile pumziko la katikati ndilo lililonivutia mimi. Ni nafasi anayopewa mtu ambaye hakuwahi.

Dawa ya mambo hayo matatu ni kuwa na mpango wa siku ya theluji ndani ya lile sanduku. Baadhi ya miji ya baridi inao. Watu wa ofisini hutazama kamera na taarifa za hali ya hewa, na theluji inapoanza kushika barabarani huuita mpango huo. Hawauiti mapema, wakati chembe za kwanza zinaelea hewani, kwa maana barabara bado ni njema. Madhara makubwa huanza pale rojorojo na theluji zinapotanda juu ya lami. Mpango huo huchelewesha kijani cha mbele ili kilingane na mwendo wa pole, hurefusha mzunguko ili muda unaopotea mwanzoni usile kijani chote, na huongeza ule wekundu wa pande zote.

Nikauliza: kwa nini msirefushe njano tu? Mzee akajibu kwamba njano huonekana. Dereva akishazoea kwamba njano ya hapa ni ndefu, huitumia kama kipande cha kijani, na ile nafasi uliyomwekea mwenye shida huliwa na mwenye haraka. Wekundu wa pande zote hauonekani, kwa hiyo si rahisi kuutegea. Humsaidia aliyeteleza bila kumfundisha tabia mbaya aliyeweza kusimama.

Aliposema hivyo, akili yangu iliondoka Minnesota ikarudi Kilosa.

Niliwahi kuongoza shule ya msingi katika wilaya hiyo, miaka ya mwanzo ya elimu ya watoto wote iliyofuata Azimio la Musoma la mwaka 1974. Theluthi moja hivi ya watoto wetu walitoka ng'ambo ya mto. Kiangazi waliuvuka kwa miguu bila kulowa magoti. Masika mto ulijaa, nao walilazimika kuzunguka hadi penye daraja la magogo, mwendo wa zaidi ya saa moja. Kengele ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Januari na Aprili sawasawa. Walimu tukakaa kikao. Wako waliosema kengele isogezwe mbele kwa nusu saa wakati wa masika. Mwalimu mmoja mwenye busara akasema, tukiisogeza, watoto wa karibu watalala nusu saa zaidi, na wa mbali watakuta mambo yale yale. Tulichoamua ni hiki: kengele ibaki pale pale, lakini masika nusu saa ya kwanza iwe ya kusoma hadithi kwa sauti na kufanya usafi wa darasa, na hesabu ihamie baadaye. Aliyefika amelowa saa mbili kasoro dakika kumi alikaa kwenye dawati bila kupoteza somo lisilorudiwa. Hatukutangaza. Kengele ililia kwa wakati wake, na wa karibu waliendelea kuwahi.

Mkaguzi mmoja alipokuja na kuona ratiba ile, aliuliza kwa nini tunawalea wazembe. Nilimpeleka mtoni. Alitazama maji, akatazama viatu vyake, akasema twende tukanywe chai. Ratiba ikabaki.

Basi niliposikia habari ya wekundu usioonekana nilijua nimekutana na mwalimu mwenzangu, ingawa yeye alifundisha magari.

Wako wanaopinga mipango hii, na hoja yao si ya kupuuza. Husema kwamba siku ya dhoruba magari hupungua. Uchunguzi ule wa Minnesota wenyewe ulikuta yamepungua kwa asilimia 15 na zaidi. Kwa nini basi kuhangaika na mataa siku ambayo barabara ina nafasi? Nami huuliza: ni nani waliobaki nyumbani, na ni nani waliotoka? Anayebaki ni yule anayeweza kubaki. Wanaotoka ni muuguzi wa zamu ya asubuhi, dereva wa basi, mpishi wa hospitali, mfagiaji wa ofisi, na wale wanaoendesha magari ya kukwangua theluji. Kutoka kwenye dirisha letu nilimwona binti yangu akiwasha gari saa kumi na moja alfajiri, akikwangua kioo kwa mikono miwili, na nilihesabu dakika mpaka aliponipigia simu kusema, "Baba, nimefika." Wachache hao wa siku ya dhoruba si watu wa kupunguziwa hesabu kwa sababu ni wachache.

Nimezungumza sana juu ya magari. Sasa nimzungumzie mwenda kwa miguu, kwa maana yeye ndiye aliyetugusa nyumbani.

Mama watoto alikuwa na goti linalomsumbua, na mara mbili kwa wiki alipaswa kwenda kufanya mazoezi ya viungo katika kituo kilichokuwa ng'ambo ya barabara ile ile. Kilikuwa karibu kiasi cha kukiona kutoka jikoni. Kukodi gari kwa ajili ya kuvuka barabara moja ni mzaha, na binti yetu alikuwa kazini. Tukawa twavuka kwa miguu, yeye na fimbo yake, mimi na mkono wangu.

Barabara ile ilikuwa na upana wa mita 18. Mvukaji hubonyeza kitufe. Taa humwonyesha sura ya mtu anayetembea kwa sekunde 7, kisha mkono mwekundu hupepesa huku tarakimu zikishuka kutoka 17 hadi sifuri. Hiyo 17 haikutoka hewani. Tangu mwaka 2009 mwongozo wa Marekani huhesabu kwamba mtu hutembea futi 3 na nusu kwa sekunde, yaani mita moja na kidogo. Kabla ya hapo walihesabu futi 4. Mita 18 kwa mwendo huo ni sekunde 17. Lakini mwendo huo ni wa mtu gani, na wa siku gani? Magari ya kukwangua theluji husafisha katikati na kuacha gema kandokando, mahali hasa ambapo mvukaji huanzia. Kitufe chenyewe kilikuwa nyuma ya gema hilo. Mpaka mama watoto anashuka salama kutoka kwenye gema na kutia mguu barabarani, sura ya mtu anayetembea imekwisha kuondoka.

Siku moja tarakimu zilifika sifuri tukiwa bado hatujamaliza njia ya nne. Taa za upande wa pili zikawa kijani. Madereva walikuwa waungwana, hakuna aliyepiga honi. Mmoja alipunga mkono kutuambia tusiharakishe. Lakini mama watoto alitetemeka mpaka tulipofika ndani, na haikuwa baridi. Aliniambia, "Mzee, mimi hapa sitoki tena mpaka turudi kwetu." Akakaa ndani wiki mbili bila mazoezi, na goti likakakamaa. Mwanamke ambaye kijijini alikuwa akienda kisimani na kurudi kabla jua halijachomoza, sasa alifungiwa na sekunde chache.

Mjukuu wetu alikuwa na miaka 11. Nilimwambia achukue rula ya mama yake tukapime ukumbi mrefu wa jengo. Tukatia alama mita 18. Bibi yake akavaa viatu vyake vizito vya theluji, akashika fimbo, naye kijana akashika saa. Mara ya kwanza sekunde 25, mara ya pili 27, mara ya tatu 26. Kwenye zulia, bila gema, bila upepo. Tukaandika barua kwa ofisi ya mji, kijana akiandika Kiingereza na mimi nikimtajia hesabu. Hatukulalamika. Tuliandika upana wa barabara, mwendo uliopimwa, na muda uliotolewa, tukaomba tofauti izibwe na kitufe kifukuliwe. Mama watoto ndiye aliyetia sahihi.

Baada ya wiki tatu hivi alikuja mfanyakazi mwenye koleo akakifukua kitufe, na siku chache baadaye tarakimu zikaanza kushuka kutoka 26. Tulivuka tukafika ng'ambo zikiwa zimebaki 3. Mama watoto alisimama akaitazama ile 3 mpaka ikaisha, kama mtu anayehesabu chenji.

Jioni ile binti yetu aliingia nyumbani amekunja uso. Akasema, "Baba, sijui wamefanya nini kwenye mataa ya hapo chini. Ukikuta mtu anavuka, unakaa pale mpaka unasinzia." Sisi wazee tukatazamana. Mjukuu ndiye aliyetoa siri.

Siwezi kulipita jambo hilo kama kichekesho tu. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakuwa wanajipinga. Walijua kwamba kila sekunde uliyompa mmoja umeitoa kwa mwingine, na katika njia panda jambo hilo huonekana kwa macho. Sekunde 9 alizopewa mama zililipwa na binti yake. Binti alipoelewa, akasema basi na zikae. Atatoka nyumbani mapema kidogo. Kwangu mimi hapo ndipo penye kazi ya mpanga mataa: asijidai kwamba anampendeza kila mtu, bali ajue ni nani anayelipa, na kama anao uwezo wa kulipa. Mwenye gari lenye joto anaweza kungoja. Mwenye fimbo juu ya barafu hawezi kukimbia.

Wala mtambo peke yake hautoshi. Taa za zamani zilitumia balbu za zaidi ya wati 100, na joto lake liliyeyusha theluji iliyotua kwenye kioo. Taa za kisasa hutumia umeme kidogo sana, jambo la kusifiwa, lakini ni baridi. Upepo ukivuma kutoka upande wake theluji huziba kioo na rangi haionekani. Hapo dereva hutakiwa kusimama kana kwamba kila upande una alama ya kusimama, na fundi hutumwa na brashi ndefu kuzipangusa. Kamera zinazohesabu magari nazo huzibwa. Waya zilizofukiwa chini ya lami ili kuhisi gari huendelea kufanya kazi, lakini michoro ya njia ikifunikwa madereva hupita pembeni yake. Mpango bora kabisa uliomo sandukuni huhitaji mtu anayetoka nje kutazama.

Tulirudi nyumbani mwezi Aprili, theluji ikiwa imekwisha yeyuka. Tarakimu zilikuwa bado zinaanzia 26. Nilimwuliza yule mzee kama wataishusha wakati wa kiangazi. Akasema hadhani, kwa sababu wazee hawayeyuki na theluji.

Ninayaandika haya kwa ajili ya wale ambao kazi yao ni kupangia wengine muda: walimu wakuu, waganga wa zahanati, makarani wa madirisha ya malipo, na wahandisi wa mataa. Kila ratiba ilipimwa siku fulani, katika hali fulani, na mtu fulani mwenye miguu fulani. Mara nyingi siku hiyo ilikuwa njema na miguu hiyo ilikuwa mizima. Basi chukua ratiba yako, uiweke mezani, ujiulize ilipimwa lini na kwa mwendo wa nani. Kisha toka nje siku mbaya, usimame na saa mkononi mahali watu wanapopita, uhesabu.